Kibuyu cha Mama Mkwe

Silasi alikinusa kibuyu, akachovya kidole, akaonja. Asali, ndiyo, lakini ndani yake mlikuwa na uchungu asioujua. Akatema haraka. Kizibo kilikuwa kitambaa cheusi. Cheusi, jamani! Na kilifichwa wapi? Uvunguni mwa kitanda cha mwanawe Elieza, aliyekuwa akitetemeka kwa homa siku ya pili sasa.

Makubwa haya. Mzee wa kanisa ndiye yeye, huyu huyu aliyesimama Jumapili iliyopita mbele ya kijiji kizima cha ujamaa, akamtaja Masolwa mganga kwa jina, akasema anayekwenda kwake atengwe na meza ya Bwana. Leo kibuyu kimo nyumbani mwake! Nani mwingine kama si mama mkwe, Benedikta, aliyefika juzi kutoka Urambo na kifurushi kimoja, kutwa hasemi neno?

Kumuuliza ndiko kusikowezekana. Mtu na mkwewe hupishana njiani wakitazama chini. Mnyamwezi gani atamhoji mama mkwe habari za vibuyu? Basi Silasi akakata shauri peke yake. Akaenda nacho chooni, akamwaga yote, akakivunja kwa jiwe huku akikemea kwa jina la Yesu. Alirudi moyo mweupe.

Jioni mkewe Flavia akarejea kutoka shamba la kijiji, mikono inanata tumbaku. Akainama uvunguni.

"Baba Elieza, dawa ya mtoto iko wapi?"

"Dawa ya shetani nimeimwaga."

"Shetani gani? Vidonge vya zahanati vile! Mama kaenda Sikonge kwa miguu. Mtoto alikuwa anavitapika kwa uchungu, ndipo mama akavisaga, akavitia kwenye asali. Hata kile kitambaa cha kizibo ni kaniki yake kaichana! Dozi imebaki siku mbili, Silasi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe? Wewe ambaye kila mzizi kwako uchawi?"

Chumbani Elieza alianza kuweweseka. Sikonge ilikuwa mbali, na jua lilikuwa linazama.

"Yuko mmoja hapa kijijini mwenye vidonge hivyo," Flavia akasema. "Mama alipanga naye foleni kule zahanati, mwenzake kampeleka mjukuu wake mgonjwa."

"Nani?"

"Masolwa."

Silasi akavaa viatu. Kisha akatoka mbio.

Alipiga hodi kwa mganga, akaeleza shida yake akiangalia miguu yake mwenyewe. Mzee Masolwa hakumsimanga. Aliingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa.

"Wangu kapona. Vimebaki vinne."

Silasi akaipokea, na kabla hajajizuia, akaipeleka puani.

"Nusa tu," Masolwa akasema. "Hata mimi nilivinusa kwanza."

Aibu ikamjaa Silasi hadi masikioni.

"Shikamoo, mzee," akasema. Salamu hiyo alikuwa amemnyima tangu wahamie kijijini.

"Marahaba. Kimbia sasa, mtoto anangoja."