Manjano Kwenye Kibao cha Keram

Kaka yangu Shripad anapuliza vanishi kwenye mbao za keram, ule mchezo wa kusukuma kete kwa kidole ziingie matunduni, tangu sijaolewa, na daktari wetu hapa Sangli, India, amemwambia waziwazi kuwa ile thina ya kuyeyushia vanishi ikiendelea kumwingia kifuani, mapafu hayatamfikisha mbali. Kuacha kazi hataki. "Nikauze nini, vitunguu?" Basi nikaapa kumtengenezea vanishi ya maji. Mimi ndiye mkemia wa karakana anakofanya kazi, na kiburi ninacho.

Bwana Ghorpade, mwenye karakana, alikubali kwa shingo upande. "Jaribu, Vaiju. Ila kete zisipoteleza kama zamani, Shripad anarudi kwenye thina. Wachezaji hawanunui mapafu ya mtu."

Vanishi yangu ilikuwa na polima mbili, yaani plastiki za aina mbili, zinazoelea majini: akriliki, ambayo ni ngumu, na poliurethani, inayonyumbulika. Nikizidisha akriliki, kete zinateleza vizuri ajabu, lakini ubao ukichezewa kidogo tu vanishi inapasuka pembeni mwa matundu. Nikizidisha poliurethani, haipasuki ng'o, ila kete zinajikokota, na ukibonyeza kidole alama inabaki. Nikachanganya nusu kwa nusu, nikadhani nimemaliza. Wapi! Nyufa zilirudi. Nikawa napika nalo na kufua nalo, swali hilo moja: kwa nini hii laini haiisaidii ile ngumu?

Ikafika Dasara, sikukuu tunayoziheshimu zana zetu za kazi. Nilitoka kununua maua. Kurudi, namkuta Shripad kashapaka manjano ya maji na unga mwekundu kila kitu: kompresa, bunduki ya kupulizia, mizani, mpaka vibao vyangu vya majaribio nilivyokuwa nimevipiga nyundo asubuhi ile kupima kama vanishi itapasuka.

"Kaka, una wazimu? Hivyo ni vipimo!"

"Si zana zako? Ulitaka nivibague?"

"Manjano hayatoki haya."

"Basi umepata baraka za kudumu." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika mlango hadi kilipopita. Hasira zote zikaniisha, nikabaki na woga.

Nilichukua kitambaa nikasugua. Kwenye kibao cha nusu kwa nusu doa lilififia, lakini zikabaki nyuzi za njano nyembamba kuliko unywele. Nikaleta kioo cha kukuzia. Nyuzi zilizunguka visiwa vidogo vidogo. Akriliki ilijikusanya kivyake, poliurethani kivyake, na ufa ulikuwa unapita mpakani mwao, umenywa manjano. Vibao vyote nilivyovitazama kwa macho nikasema ni vizima, kumbe vilikuwa vimeshapasuka.

"Njoo uone," nikamwita. "Hazijaoana hizi."

"Nani tena?"

"Polima. Niliziweka chumba kimoja tu, zikalala mgongo kwa mgongo. Kama wewe na wifi."

"Wifi yako mwache hapo alipo."

Nikaanza upya. Safari hii akriliki niliichukua ikiwa bado changa, haijawa polima, nikaiacha izame ndani ya chembe za poliurethani, ndipo nikaipasha moto ikakulia humo humo. Nikapuliza vibao, nikavikausha, nikavipiga nyundo na kuvipaka manjano mwenyewe. Niliposugua sikuona uzi hata mmoja. Nikabonyeza kidole, alama hakuna.

Bwana Ghorpade alinyunyiza poda ya kutelezesha kete kwenye ubao mpya akacheza na rafiki zake alasiri nzima. Chai ikampoa. Mwishowe akainuka. "Hiyo thina iondoeni hapa."

Kesho yake Shripad aliingia kupuliza vanishi mpya. Kwa thina alikuwa anafanya kazi kimya, kitambaa mdomoni, kwa sababu neno moja lilimgharimu kikohozi kirefu. Sasa alianza kunisuta tangu kona ya kwanza: inanuka maziwa yaliyolala, inachelewa kukauka, bunduki inaziba, hivi mimi huko chuo nilisomea nini hasa? Akaumaliza ubao akiwa bado anasema, wala pumzi haijamkatika.

"Na huu mwingine," nikamwambia, nikimsogezea ubao wa pili ili aendelee kunisuta, "una kasoro gani?"