Pikipiki Iliyopona Kikohozi

Kwa miezi minane sebule ya nyumba ile haikuwa sebule. Kochi lilisukumwa ukutani, zulia likakunjwa likatiwa uvunguni, na katikati ya chumba, juu ya magazeti ya zamani, ikatandazwa pikipiki ya baba vipande vipande: injini kwenye beseni, cheni kwenye kopo la mafuta ya taa, tangi juu ya meza ya chakula. Aliyeifungua ni binti yake, fundi wa friji, mwanamke wa miaka arobaini na minne. Mchana kutwa alipiga magoti nyuma ya mafriji ya watu, akirudi nyumbani anapiga magoti tena. Magoti yenyewe yalishaanza kumnunia.

Hakuwa na mapenzi yoyote na pikipiki. Alikuwa na sababu moja tu, na sababu hiyo ilikaa kwenye kiti kando ya dirisha, imenyolewa ndevu, imevaa shati lililopigwa pasi, haina habari na dunia. Baba alikuwa msoma mita za maji, akastaafu, na sasa akili ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo. Kila ikifika saa kumi alasiri alisimama, akajipapasa mifukoni kutafuta funguo, akatoka kwenda kuitafuta pikipiki yake. Ukimwonyesha vile vyuma pale sebuleni, alivitazama kama takataka za mtu mwingine. Mara mbili alirudishwa na watu asiowajua. Mara ya tatu alikutwa mtaroni, kiatu kimoja hakipo, paji la uso limechanika.

"Nikiiwasha ikanguruma ataijua," binti alimwambia jirani aliyekuwa akimwangalia mzee yeye anapokuwa kazini. "Akiijua atatulia, mama mdogo. Hatatoka tena."

"Na wewe, atakujua?"

Jirani huyo, rafiki wa marehemu mama, mtaa mzima ulimwita Redio, na ni jina alilolifanyia kazi. Maswali yake hayakuwa na breki.

Binti akaokota spana. Mwaka wa pili sasa baba alikuwa akimwita "dada", kwa adabu kabisa, kama mtu anavyomwita mhudumu wa benki. Asante, dada. Samahani, dada, wewe ni wa hapahapa? Binti alikuwa akitabasamu, anaingia jikoni, anasimama pale mkono kwenye bomba bila kulifungua. Iliuma. Ulikuwa uchungu wa kila siku, na kila siku ulikuwa mpya.

Basi akaitengeneza pikipiki kwa namna alivyojua kutengeneza vitu, yaani kwa kusafisha mpaka chuma chenyewe kiombe msamaha. Alipiga msasa kutu yote, akabadilisha plagi, akazunguka maduka ya vipuri mpaka wenye maduka wakawa wakimwona kwa mbali wanatikisa kichwa. Kwenye kabureta alikuta skrubu ndogo iliyodondoshewa kitu chekundu, na kwenye chuma kando yake tone jingine kama lile. Akaona ni uchafu. Akasugua kwa mswaki na petroli mpaka vyote viwili vikang'aa, kisha akaiweka skrubu pale kitabu cha pikipiki kilipoelekeza, hewa na mafuta sawasawa. Usiku ule alijisifu peke yake, maana hakuwapo mwingine wa kumsifu.

Jumamosi moja, saa kumi kasorobo, aliisukuma hadi uani. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikashika, na injini ikaunguruma laini, tulivu, bila kukwama, kama friji jipya. Alicheka. Mgongo ulikuwa unamwaka moto, mikono nyeusi hadi kwenye viwiko, lakini alicheka.

Akamshika baba mkono akamleta. Mzee aliizunguka pikipiki mara moja, mikono nyuma.

"Nzuri sana hii. Ya kwako, dada?"

"Ya kwako, baba."

"Hapana." Alisema kwa upole, asije akamwudhi. "Yangu naijua." Akatazama saa yake. "Samahani, nachelewa."

Akaenda getini. Geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli, naye akaanza kulitikisa komeo, taratibu, bila hasira, kama mtu mwenye siku nzima. Binti alikaa kwenye ngazi ya mlango akalia. Miezi minane! Hakujifuta machozi, maana angejipaka grisi, kisha akajifuta na akajipaka.

Kichwa cha Redio kikachomoza juu ya ukuta.

"Mbona imeacha kukohoa?"

"Nini?"

"Pikipiki. Ya baba yako ilikuwa inakohoa. Pu-pu, kimya, pu. Sisi tunakaa hapa na mama yako tunawasema watu, ikikohoa tu kule kona, anainuka, umbea haujafika hata nusu. 'Huyo bwana, nikamwekee maji ya kuoga.' Kila siku!"

"Kwa hiyo ilikuwa mbovu miaka yote hiyo niliyokuwa mbali?"

"Mbovu wapi! Mafundi wanaitengeneza, akifika hapa anaiharibu mwenyewe. Mlio wake usipotee kati ya pikipiki za watu, mama yako amsikie. Na alama aliitia kwa rangi ya kucha ya mkewe, asisahau pa kuharibia. Nilimcheka mpaka nikachoka."

Binti alitazama mikono yake. Mama alikuwa kaburini mwaka wa sita, na alama yake ya mwisho kwenye chuma kile yeye ndiye aliyeisugua kwa mswaki.

Akachukua bisibisi. Alichoka kiasi cha kutaka kulala palepale chini, lakini akapiga magoti kwa mara nyingine na kuanza kuiharibu kazi yake. Akazungusha ile skrubu robo mzunguko. Injini ikapungua nguvu. Akazungusha tena, ekzosi ikatoa moshi mweusi.

"Bado," Redio alisema, amefumba macho. "Zidisha. Umepita, rudisha. Kidogo... Hapo! Hapohapo, usiguse!"

Pu-pu. Kimya. Pu.

Komeo liliacha kulia. Baba akageuka. Akaja moja kwa moja, akaweka kiganja juu ya tangi, na mkono wa pili, bila kutazama, ukaenda chini kufunga bomba la petroli. Akasubiri injini imalizie mafuta yaliyobaki mpaka ikazimika yenyewe. Kisha akaanza kufungua vifungo vya mikono ya shati, akamtazama binti, akakunja uso.

"Umejipaka nini usoni, mwanangu?"

Neno lile alilisubiri miaka miwili. "Grisi, baba."

"Haya, kanawe. Halafu mwambie mama yako aniwekee maji. Leo nimechoka."

Kichwa cha Redio kikashuka nyuma ya ukuta.

"Anaweka, baba," binti akajibu. Akaingia jikoni, akafungua bomba, akajaza sufuria kubwa, akawasha jiko.