Jibu Alilolitoa Akikunja Waya

Sukari ilipasuka. Okko Harms aliisikia kabla hajafungua mlango: vipande vitatu vya sukari ya mawe, kimoja baada ya kingine, vikilia chini ya chai ya moto kama barafu nyembamba inayokanyagwa. Vikombe vitatu, basi. Wajumbe wote wa kamati ya nidhamu wameshaketi. Akabaki kwenye ujia wa baa iliyotumika kwa kikao, kati ya makoti yaliyolowa mvua, akiirudia moyoni sentensi aliyoifanyia mazoezi siku tatu mbele ya kioo cha kunyolea ndevu: Sikumbuki kusema hivyo.

Ilikuwa sentensi nzuri. Haikumwita mtu mwongo, wala haikumfunga aliyeisema.

Mlango wa nje ukafunguka, upepo wa bahari ukaingia pamoja na Tomma Wilts, kocha wa klabu ya mpira ya Süderhamm. Alikuwa bado na koti la kazi, lenye nembo ya basi la shule analoliendesha.

"Moin, mzee Okko."

"Moin."

"Umevaa tai."

"Ni kikao, Tomma."

"Mimi nimetoka zamu. Wakitaka kunipoka pointi, wanipoke nikiwa na koti la basi." Alijifuta mvua usoni kwa kiganja. "Utawaambia?"

Okko akalitazama koti la mtu mwingine lililoning'inia mbele yake, kana kwamba vifungo vyake vilihitaji kuhesabiwa. "Nitajibu nitakachoulizwa," alisema.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo, dogo kiasi cha kuingia mfukoni. Mwezi wa nne, mshambuliaji wa Süderhamm, kijana aitwaye Jelto, alikuwa amefungiwa mechi moja kwa kadi nyekundu. Jumapili iliyofuata alikaa nje, akaitazama timu yake ikicheza kwa dakika hamsini na tano, hadi dhoruba ya mvua ya mawe ilipoushukia uwanja na refa akavunja mechi. Je, Jelto alikuwa ameshatumikia adhabu yake, au bado anadaiwa mechi nzima?

Jumatano yake, makocha wote wa wilaya waliitwa kwenye jioni ya sheria, na mwalimu wa jioni hiyo alikuwa Okko, kama alivyokuwa kwa miaka kumi na minne. Aliwaonyesha picha za wachezaji walionawa mpira kwa saa mbili. Mkono umekaa wapi, bega linaishia wapi, mwili umejitanua au haukujitanua. Makocha thelathini walipiga miayo. Mmoja alisema kwamba kwa sheria hiyo heri wachezaji wacheze wakiwa wamefungwa ndani ya magunia, watu wakacheka, na Okko akacheka nao ingawa utani ule alikuwa akiusikia kila mwaka. Mwishoni viti vikaanza kuburutwa. Akawa anaukunja waya wa projekta kwenye kiwiko chake, ndipo Tomma alipomfuata na swali lake.

Okko hakulijua jibu. Hilo alilitambua baadaye, nyumbani, usiku wa siku pingamizi lilipofika. Wakati ule hakuwa na nafasi hata ya kutambua kwamba hajui. Miaka thelathini na moja alikuwa amepuliza kipenga kwenye viwanja vya matope nyuma ya tuta linalozuia bahari, na kitu kimoja alichowafundisha marefa vijana ni kutosita. Ukisita nusu sekunde, watu ishirini na wawili wameshakuzunguka. Nyoosha mkono, elekeza upande, tembea. Uwanjani ilikuwa dawa. Hakuna aliyemwambia kwamba nje ya mistari ya chokaa, dawa ile ile ni sumu.

"Si alikaa nje?" alimjibu Tomma. "Basi amemaliza."

Ilisikika kama haki. Jumapili Jelto akacheza, akafunga mabao yote mawili, Süderhamm wakashinda mbili kwa moja. Siku nne baadaye wapinzani wakaweka pingamizi: mechi iliyovunjika na kupangwa kurudiwa haihesabiki kwenye adhabu. Sasa ligi ilikuwa imekwisha. Wakibaki na zile pointi tatu, Süderhamm wamepona kwa pointi moja. Wakipokwa, wanashuka, na timu yenye wachezaji kumi na watatu, watano kati yao wameshaahidiwa viatu vipya na klabu ya jirani, ikishuka haipandi tena.

Waliitwa ndani. Mwenyekiti Eilert Dirksen, fundi saa mstaafu, aliwaonyesha viti kwa kijiko.

"Bi. Wilts, tusimulie. Kwa ufupi, tafadhali."

Tomma akasimulia kwa ufupi. Hakupandisha sauti. Alieleza swali aliloliuliza, neno kwa neno, kisha akasema: "Alikuwa anakunja waya. Ulikuwa umefanya fundo karibu na plagi, akawa anahangaika nao. Hakuniangalia. Alisema, si alikaa nje, basi amemaliza. Nikamwambia asante. Nikaondoka nimefurahi."

Okko alihisi lile fundo vidoleni. Alikuwa amelisahau kabisa. Swali angeweza kulikana, na jibu pia, lakini fundo lilikuwa la kwake peke yake. Hakuna mtu angeweza kulitunga.

"Bwana Harms?"

Sentensi ilikuwepo, tayari, imenyolewa vizuri. Alifungua mdomo, haikutoka. Mjumbe wa kushoto akakohoa, wa kulia akaongeza krimu kwenye chai, na Okko Harms, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, alisita mpaka wote wakaona.

"Bwana Harms, ulisema hivyo au hukusema?"

"Nilisema. Na sikuwa najua. Nilipaswa kumwambia sijui, nikatafute, nimpigie kesho. Nilimjibu tu."

Tomma alifumba macho. Eilert akaweka kalamu juu ya karatasi bila kuifungua kifuniko.

"Tunakushukuru kwa uungwana wako," alisema polepole. "Ila unaijua kanuni kuliko sisi, Okko. Klabu ndiyo inayowajibika kujua nani anaruhusiwa kucheza. Jibu la mdomo halimfungi mtu, hata litoke kwako, hata litoke kwa rais wa chama. Pointi zinakwenda."

"Najua. Liandikwe tu."

"Lipi?"

"Kwamba aliuliza. Kwamba nilimjibu."

Eilert akawatazama wenzake, kisha dirisha, kisha Okko, na usoni mwake mlikuwa na huruma ya kweli. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. "Halibadilishi uamuzi, kwa hiyo halina mahali pa kukaa. Nikiliandika, kesho kila kocha aliyechezesha mtu asiyestahili atakuja hapa na hadithi yake ya kwamba Okko alisema. Na wewe utamalizika. Miaka kumi na minne, bwana. Niachie nikulinde."

"Sikuomba kulindwa. Andika, Eilert."

"Kikao kimefungwa," alisema mwenyekiti, akaweka kijiko ndani ya kikombe chake, ishara kwamba hata chai haitaki tena. Hawakuwa wamefika kikombe cha tatu, ambacho kwa desturi ya huko ndicho kinachomaliza chai.

Nje mvua ilikuwa imeacha, upepo haukuacha. Basi la shule lilisimama tupu ukingoni mwa barabara. Tomma alikuwa ameegemea mlango wake, akijaribu kuwasha sigara, na kila alipokinga kiberiti upepo ulikizima. Okko akaja akasimama upande upepo unakotokea. Sigara ikawaka. Hakuambiwa asante.

"Ungeniambia tu hujui," alisema Tomma. "Ningemweka Jelto benchi. Tungefungwa, tungeshuka kama watu wengine wanavyoshuka."

"Ndiyo."

"Unajua wanasemaje? Kwamba nilijua. Kwamba nilimchezesha nikitegemea hakuna atakayegundua. Juzi baba yake Jelto alinipita dukani kama anapita friji." Alivuta moshi. "Nimewaambia, niliuliza. Wanasema, nani akupotoshe sheria, Okko Harms? Wakacheka. Jina lako ndilo limenimaliza, mzee. Ungekuwa refa mbovu wangeniamini."

Okko alifikiria barua itakayofika Süderhamm, yenye nambari za vifungu na mhuri, na sentensi ndefu ambazo yeye mwenyewe alisaidia kuziandaa miaka ya nyuma. Ndani yake hamtakuwa na fundo wala waya. Mtakuwa na klabu iliyokosea na kocha aliyeikosesha.

"Barua watakuletea wiki hii," alisema.

"Nitawasomea. Hawataelewa. Mimi mwenyewe za nyuma sikuzielewa, ndiyo maana nilikuja kuuliza mtu."

Lile likamwingia na kukaa. Akauliza, "Mkutano ni lini?"

"Ijumaa saa moja jioni, kwenye banda la zimamoto. Wanapiga kura kuivunja klabu. Usijidanganye, itavunjwa. Mkulima wa pembeni ameshauliza bei ya nyasi za uwanja."

"Nikija?"

Tomma akamtazama kwa mara ya kwanza tangu watoke. "Itavunjwa hivyo hivyo. Na watakutukana. Kuna wazee pale walilia tulipobaki daraja mwaka juzi. Chama nacho kikisikia, hutafundisha tena hata watoto."

"Hilo limeshakwisha, Tomma."

"Basi unakuja kufanya nini?"

Aliufikiria uwanja wa Süderhamm, goli la upande wa tuta linalolalia kushoto, na watu watakaomwangalia wakiwa wameshakata tamaa kabla hajafungua mdomo. Hakukuwa na pointi ya kuwarudishia. Hata msamaha hakuutarajia.

"Nakuahidi," alisema, kwa sauti, ili upepo usiyachukue maneno. "Ijumaa saa moja nitasimama mbele yao na kuwaambia: aliniuliza vizuri, nikamjibu vibaya, kwa sababu sikuwa najua na sikutaka kusema sijui. Nitasema hivyo hivyo, bila kifungu hata kimoja. Na kwa asiyeelewa, nitarudia."