Mkwe wa Jukwaani

Talitha alikuwa mwanamke wa kusema kwanza na kufikiri akiwa njiani, na kwa kazi yake hiyo haikuwa kasoro. Asubuhi alifundisha watoto wa Kamina kusoma, kwa mshahara ambao serikali ya Zaire ilikuwa imeusahau kabisa. Alasiri alitunga michezo ya kuigiza. Na Jumapili, ibada ikiisha kule kwa Wamethodisti wenzake, alisimama mbele ya watu katika klabu ya zamani ya wafanyakazi wa reli akasema, "Tupeni neno."

Yeyote aliweza kutupa neno: mapacha, jino bovu, jirani mwenye jogoo. Talitha na kundi lake walilidaka na kulifanya mchezo papo hapo, bila mazoezi, mpaka watu washike mbavu. Desturi yao ilikuwa moja tu: mchezo ukipungukiwa mtu, mtu hutolewa kwenye mabenchi, na aliyeitwa hakatai. Mchungaji mwenyewe aliwahi kuitwa akawa mbuzi, na alilia vizuri kuliko alivyohubiri.

Mume wa Talitha alikufa mapema, na mtoto hakujaliwa. Ile sali ya klabu, ukumbi wenye mabati yanayovuja na mabenchi ya mbao nzito, ndiyo iliyokuwa nyumba yake yenye watu. Kwa hiyo mtaelewa kwa nini alikosa usingizi mwanzoni mwa mwaka tisini na saba, vita vilipokuwa vinashuka kutoka mashariki na askari wa serikali wakirudi nyuma kwa treni, kwa lori na kwa miguu, hata Base, kambi kubwa ya jeshi nje ya mji, ikajaa wakaanza kutafuta pa kulala mjini.

Aliyeongoza askari waliokuja mjini alikuwa Kapiteni Ézéchias, Mluba wa Kabongo, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kujibiwa haraka. Akasikia kwamba Talitha amemaliza mchezo mpya, habari za askari anayepita nyumba kwa nyumba kukusanya kuku kwa usalama wa taifa, mpaka wanawake wanamfungia ndani ya banda la kuku na kumlilia kama tetea. Kapiteni hakucheka. Aliupiga mchezo marufuku, kisha akatangaza kwamba Jumatatu askari wake watahamia klabu, na mabenchi yatakuwa kuni. Jumapili wangeweza kucheza mara ya mwisho, ila bila maandishi na bila askari ndani yake.

Jumapili ile sali ilijaa mpaka madirishani, maana watu walikuja kama wanaokuja kuaga maiti. Kapiteni alikaa benchi la mbele na watu wake. Talitha akasema, "Tupeni neno," na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo hakuna aliyetupa. Kimya kiliporefuka, Kapiteni mwenyewe akatupa. Alisema ndoa. Bila shaka aliamini kwamba ndoa haiwezi kumtukana mtu, jambo linaloonyesha kwamba alikuwa hajaoa.

Djamila, binti wa wafanyabiashara Waislamu wa asili ya Maniema na mshonaji wa mavazi yote ya kundi, akawa bibi harusi. Talitha akajifunga kitenge kichwani akawa mama yake. Bwana harusi ndiye aliyekosekana. Élisha, aliyekuwa bwana harusi wa kila ndoa, alisikia bunduki kwenye redio akakimbilia Kaniama kwa shangazi yake, na suti yake ya kahawia ilikuwa inaning'inia nyuma ya pazia. Sauti moja ya nyuma, ambayo mpaka leo haijapata mwenyewe, ikasema kwamba Kapiteni ni mrefu na anafaa. Watu wakaangalia miguu yao. Lakini desturi ni desturi, na askari wake ndio walioanza kupiga makofi, basi akainuka huku akitabasamu.

Kwa Waluba, mama mkwe si mtu wa kutazamwa. Mkwe hamwangalii usoni, hali mbele yake, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini, na mlango aliokaa mama mkwe yeye haupiti, mpaka siku mkwe atakapotoa zawadi ya kufungua macho. Talitha alitegemea Kapiteni atalifanyia jambo hilo mzaha, kama Élisha alivyokuwa akifanya. Haikuwa hivyo. Alipofika mbele yake tabasamu liliondoka, shingo ikageukia ukutani, macho yakashuka, na ile sauti ya kuamrisha ikawa ya mtoto anayeomba maji. Mtu anaweza kuvaa kofia ya jeshi miaka mingi, lakini shingo yake ililelewa na mama yake.

Talitha akaona, na kwa mara hii moja akafikiri kabla ya kusema. Mchezo ambao ungeisha kwa wimbo akaurefusha. Akadai posa. Kapiteni akapapasa mifuko, akatoa pakiti yake ya sigara, akaisogeza huku ametazama pembeni. Talitha akaipokea kwa mikono miwili na magoti yamekunjwa kidogo, kama inavyopasa, akawageukia watu.

"Muko bashahidi?"

"Tuko," sali nzima ikajibu, na vigelegele vikafuata.

Jumatatu asubuhi lori lilisimama mbele ya klabu. Mlangoni, katikati kabisa, Talitha alikuwa amekaa juu ya kigoda akichambua sombe, majani ya muhogo yakiwa yamemjaa mapajani. Ng'ambo ya barabara wanawake wa soko walikuwa wameacha kuuza. Kapiteni alikuja kwa hatua ndefu, akamwona, na shingo ikageuka kabla kichwa hakijashauriwa. Akabaki amesimama pale, anazungumza na nguzo ya umeme.

"Mama, utoke pale mulangoni. Ile ya jana ilikuwa muchezo tu."

"Kama iko muchezo," Talitha akasema, akiendelea kuchambua, "basi uniangalie."

Alijaribu. Wanawake wa soko wanaapa kwamba alijaribu, kwamba kidevu kilikwenda nusu ya safari kikarudi. Mbaya zaidi kwake, askari waliokuwa watoto wa Kiluba walikuwa wameshageuza nyuso zao pia, kwa kuwa mama mkwe wa mkubwa wako si wa kutazamwa ovyo, na wale wasiokuwa Waluba waliwaiga wakidhani ni amri. Mwishowe Kapiteni aliiambia nguzo kwamba sali hiyo inavuja na haifai, na askari wakaenda kulala ndani ya mabehewa matupu ya stesheni.

Tangu siku hiyo mji ulipata kitu cha kucheka, na wakati wa vita kicheko ni chakula. Talitha akitoka kwenda sokoni, Kapiteni aliingia majanini. Jumapili hakuweza kuingia sali, lakini alikaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, akisikiliza. Hata ndani ya kelele za watu wote kicheko chake kilitambulika, kwa vile kilichelewa kidogo, kama cha mtu anayeomba ruhusa. Talitha akaanza kukingojea. Akitupa mzaha, na nyuma ya ukuta kusisikike kitu, alijisikia vibaya wiki nzima.

Kisha, alasiri moja ya mvua, habari zikaja kwamba waasi wamekaribia, na jeshi lililokuwa linasubiri amri halikuisubiri tena. Malori yaliondoka yakiacha watu nyuma. Talitha alikuwa peke yake anakunja mavazi aliposikia mtu akikohoa chini ya dirisha.

"Mama. Miye njo mukwe wako."

Alimweleza kwa maneno machache. Lori lake lilikuwa limemwacha, na akiwa ndani ya ile uniforme, sare ya jeshi, hatafika kwao Kabongo. Njiani wapo wenye hasira za kuku na za mengine makubwa kuliko kuku. Talitha alichukua suti ya kahawia ya Élisha, akaipitisha dirishani huku uso wake ukiwa umegeukia ndani, na yule mtu akabadilisha nguo mvuani, nyuma ya ukuta.

"Sina kitu ya kukupatia, mama," akasema.

"Unipe ile manguo ya kazi. Njo zawadi ya kufungua macho."

Uniforme ikaingia dirishani, imelowa, imekunjwa vizuri. Talitha akaipokea kwa mikono miwili.

"Sasa uniangalie."

Ikachukua muda, lakini shingo ikageuka. Mikono ya suti ilikuwa imeishia mbali na viganja vyake. Juu ya kola ulikuwa uso wa kijana, mdogo sana kuliko ile sauti, wenye hofu isiyofichwa, na Talitha akasikia uchungu kama wa mzazi, yeye ambaye hakuzaa.

"Mama, ule muchezo yako ya askari," kijana akasema. "Ule nilikatalia. Mwisho yake iko namna gani?"

Talitha akalikumbuka banda la kuku.

"Anarudi kwabo," akasema. "Anapiga hodi, mama yake anafungua."

Akaitikia kwa kichwa, akaifuata reli kuelekea kaskazini, magoti ya suti yakiwa yameshalowa. Talitha aliificha ile uniforme kwenye rundo la mavazi, chini ya mabawa ya malaika wa mchezo wa Noeli.

Askari wapya, wale waasi walioingia na mabuti ya mpira, hawakuwa na neno juu ya mchezo unaowacheka wale wa zamani, waliuomba wenyewe. Élisha akarudi kutoka Kaniama, akaulizia suti yake kabla ya kusalimia, na akanuna mpaka siku ya mchezo. Sali ilijaa. Banda la kweli liliazimwa kwa jirani, na kwa kuwa Kamina haina siri, kila mtu alijua mwisho wake na alikuja kuuona.

Talitha mwenyewe ndiye aliyekuwa askari, ndani ya uniforme iliyokunjwa mikono. Alikusanya kuku, watu wakashika mbavu. Wanawake wakamzunguka, wakafungua banda, wakaanza kulia kama matetea. Akafika mlangoni mwa banda, akasimama. Kisha akalipita. Akaenda mpaka ukingo wa jukwaa, akainua mkono na kugonga hewani.

Hakuna aliyekuwa ameambiwa. Djamila, ambaye mdomo wake ulikuwa bado wa tetea, akamtazama kidogo tu, kisha akajifunga kitenge kichwani, akaja, akafungua mlango usiokuwepo. Alimwangalia yule askari usoni, moja kwa moja, muda mrefu.

"Ulishakula?" akamwuliza.

Talitha aliivua kofia.

"Bado, mama," akasema.