Ngedere Aliyebeba Ufunguo

Kila asubuhi mimi huanika mpunga wa dada Brigitha kwenye turubai, kisha huugeuza taratibu kwa nyayo huku nikifukuza kuku. Asubuhi ile nilikuwa katikati ya turubai ngedere aliposhuka kutoka kwenye paa, akanyakua mfuko wa maandazi niliouacha kizingitini na kukimbilia msituni. Ufunguo wa nyumba ulikuwa humo humo.

"Mke wangu! Yule ndiye mume mwenzangu?"

Alikuwa Lukelo, mdogo wake shemeji Deogratias, mume wa dada. Kwetu mashemeji hutaniana. Tangu siku ya harusi yao ananiita mke wake mbele za watu, nami humjibu kwamba siolewi na mwanaume anayeogopa vyura. Watu hucheka. Mimi hurudi jikoni uso ukiniwaka, kwa sababu nampenda kweli, na maneno yote niliyonayo ya kumwambia yameshageuka kuwa utani.

Alikuwa amekuja kuaga. Kesho yake angehamia Mang'ula, alikopata kazi ya kuongoza wageni katika hifadhi ya taifa ya huko.

"Twende, shemeji," alisema. "Dada yako akirudi akakuta mlango umefungwa, atatuanika sisi."

Tukapita kwenye uwazi wa uzio. Msitu huu mdogo wa hifadhi umebaki katikati ya makazi yetu ya Lumemo, mabati upande huu, mabati upande ule. Lakini ukiingia hatua chache tu, pikipiki za barabarani zinakuwa kama nyuki wa mbali. Mwanga ulishuka wa kijani, ukamtia Lukelo madoa mgongoni. Vipepeo weupe waliinuka kwenye tope, wakazunguka magoti yetu, wakatua tena kana kwamba hatukupita. Mahali fulani juu ndege hondohondo alilia, na kilio chake kikachukua muda mrefu kuisha. Nilitembea nyuma ya Lukelo nikitamani msitu usiwe na upande wa pili.

"Mbona kimya?" aliuliza. "Unaogopa simba?"

"Namwogopa ngedere. Ameshaonja maandazi yangu, asije akaleta posa."

Akacheka. Nikajichukia kidogo.

Tulimkuta ngedere juu ya mkuyu, mashavu yametuna. Alitutazama, akageuza mfuko juu chini kutafuta andazi la mwisho, na ufunguo ukadondoka kwenye majani makavu. Lukelo akauokota, akaufuta kwa shati lake, akauweka kiganjani mwangu. Ulikuwa na mafuta ya maandazi.

"Haya, mke wangu. Fungua nyumba, unisubiri."

"Nikusubiri wewe? Labda vyura wa Mang'ula wakikurudisha mbio."

Utani ulitoka wenyewe, kama kawaida. Alicheka tena, ila safari hii kicheko kilikuwa kifupi. Akanigeuzia mgongo na kuanza kurudi. Kupitia majani niliona paa la nyumba yetu likimetameta, karibu kuliko nilivyodhani.

"Lukelo."

Alisimama. Sikuwa nimewahi kumwita kwa jina lake. Siku zote ilikuwa shemeji. Aligeuka polepole, hana tabasamu, kipepeo mmoja ametua begani mwake.

"Nitakusubiri," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ilifika. "Sikutanii. Nakupenda."