Nyumba Yenye Malkia Mmoja

Mimi Jaliah ni mbishi, na mwaka huu ubishi wangu uliangukia sataranji. Kikundi chetu cha waandishi hapa Jinja kilikuwa kinakusanya hadithi za kitabu, nami nikaandika ya nyumba yetu ya Mpumudde: watu wote ni kete za ubao mmoja. Siku ya Iddi, baada ya chakula, nikaisoma nyumbani mbele ya familia.

Baba ni mfalme, anayekwenda hatua moja moja huku kila mtu akihangaika kumlinda. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Kaka yangu Siraj, asiyejua kwenda moja kwa moja, ni farasi. Mama yangu mzazi, Nabirye, ni malkia. Nilijiona fundi kwelikweli.

"Na mimi niko wapi?" akauliza Mama Jamirah.

Mama Jamirah ni mke wa pili wa Baba. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenifunza hata kushika kalamu. Nami nikamjibu kama mwalimu: "Sataranji ina malkia mmoja tu, Mama."

Akakusanya vyombo. Kesho yake akaenda Mbale kwa dada yake, na wiki nzima hakupokea simu zangu.

"Wewe ndiye uliyemfukuza," Mama mzazi akaniambia. "Usirudi hapa bila yeye."

"Nitarudi naye," nikasema. Sikuwa natania.

Nilimkuta Mbale uani, akimenya karanga za kuungia malewa, mboga ya machipukizi ya mianzi. Nikatandaza ubao mkekani kabla hajanifukuza. Nikashika askari, ile kete ndogo ya mbele, nikamsogeza hatua kwa hatua mpaka mstari wa mwisho.

"Akifika huku anageuka malkia, na yule wa kwanza anabaki. Wanakuwa wawili! Nimeshabadilisha hadithi, Mama. Askari huyu ni wewe."

Nilingoja anikumbatie. Yeye akaendelea na karanga zake.

"Nani nasukuma yeye mpaka huko?"

"Mchezaji."

"Mimi hakuna mtu alinisukuma. Baba yako alikuja kuposa mara tatu, nikakataa. Mara ya nne akakuja amekubeba wewe, mtoto wa mwaka moja, unakohoa, mama yako amelazwa hospitali. Ukalala kwa mkono yangu. Baba yako nilikuwa sijamtaka bado, Jaliah. Nilikuja Jinja juu yako."

Nililia, na sioni haya kusema. Wote niliwapa nafasi, nikamsahau aliyenifuata mimi. Nikachana karatasi zangu zote.

"Hadithi inatakiwa Ijumaa," nikasema. "Nieleze upya, Mama, tangu mwanzo."

"Andika hapa hapa. Utanisomea mimi kwanza."

Nikaandika siku mbili, sikubanduka mkekani ila kwa swala na chakula. Nilipomsomea alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza basi la Jinja linaondoka saa ngapi.