Siku Driwaru Alipohama Chama

Fulana waliyompa Driwaru siku ile Koboko ilikuwa bado na mikunjo ya kiwandani, mmoja ukishuka wima kifuani na mwingine ukikata tumboni, na alipoivaa juu ya gauni lake alijihisi kama bidhaa iliyotolewa sasa hivi kwenye mfuko wa nailoni. Jua la saa saba lilikuwa limeukalia uwanja. Jukwaani, chini ya turubai, waziri aliyetoka Kampala alikuwa akinywa maji na kunong'onezana na mtu wa kando yake, huku mshereheshaji akiwaita waliohama mmoja baada ya mwingine.

"Na huyu," alisema, "ni diwani wa Oli kule Arua, mheshimiwa Driwaru Kevina. Miaka kumi na minne ametupinga. Leo amerudi nyumbani!"

Watu walipiga makofi. Katikati ya makofi hayo mtu mmoja alicheka, kicheko kifupi cha kukata, na Driwaru akajizuia kumtafuta kwa macho. Alimkabidhi waziri kadi yake ya zamani kwa mikono miwili, kama alivyowafundisha watoto wa darasa la kwanza kumpa mkubwa kitu. Waziri aliipokea bila kuitazama, akampa kijana aliyesimama nyuma yake, naye akaitupa ndani ya boksi lililokuwa la sabuni. Driwaru alipewa kipaza sauti. Alisema sentensi moja aliyoiandaa njiani, kuhusu maendeleo, kisha akarudi kukaa. Kazi yote haikuchukua dakika tatu.

Alikuwa mwalimu wa shule huko Mvara, mtaa alioishi, kabla ya kuwa diwani. Aliingia siasa mwaka ambao mto Oli ulifurika ukabeba nyumba nne na mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni, na baraza likasema halikuwa na taarifa yoyote. Driwaru aliandika taarifa. Aliandika nyingine, na nyingine tena, mpaka akachoka kuandika akagombea. Upinzani ulimpokea kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyekubali kusimama. Mshonaji mmoja wa Oli, Hamdani, ndiye aliyempitisha mlango kwa mlango. Hamdani alikuwa Mnubi wa mjini, babu wa babu yake alikuja na jeshi kutoka Sudan, na alikuwa na sauti ambayo haikuhitaji spika. Akisimama kwenye daraja na kuita jina la Driwaru, wanawake waliokuwa wakifua ng'ambo waliinua vichwa.

Walishinda mara tatu pamoja. Barazani Driwaru alikaa upande wa wapinzani na wenzake wawili, kisha mmoja, kisha peke yake. Kila lilipoletwa pendekezo la kubomoa vibanda vya kando ya mto, ambako wanawake waliuza dagaa, muhogo na mkaa, alisimama akalipinga, na mara zote liliahirishwa. Watu wa Oli hawakumwita mheshimiwa. Walimwita Mwalimu, na yeye hakutaka jina jingine.

Kisha mwezi wa pili, baada ya uchaguzi mdogo, vijana walirushia mawe gari la mkubwa mmoja kwenye mzunguko wa barabara mjini. Hamdani alikuwa dukani akishona sare za shule; watu zaidi ya kumi walimwona. Jioni ile ile walikuja wanaume wasiovaa sare wakamchukua, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni mwake. Polisi walisema hawana mtu wa jina hilo. Magereza walisema hivyo hivyo. Driwaru aliandika barua kumi na saba.

Asiya, mke wa Hamdani, alikuwa akija kwake kila Ijumaa baada ya sala. Mwanzoni alikuja kuuliza habari. Baadaye alikuja kukaa tu. Ijumaa moja ya mwezi wa tano alikuja akiwa amevua viatu mlangoni na kusahau kuvua kilemba cha kazi, kilichonuka dagaa.

"Mwalimu, iko mtu ameona yeye," alisema. "Iko hai. Lakini wanampiga kichwa."

"Nani amekwambia?"

"Mtu. Sitataja." Alikaa sakafuni ingawa kiti kilikuwapo. "Mwalimu, wewe unajua hao watu wakubwa. Obitre ulimfundisha wewe. Enda kwake. Kitu wanataka, wape."

"Unajua watakachotaka, Asiya?"

"Najua."

"Hamdani angekubali?"

Asiya alimtazama. "Hamdani haiko hapa. Mimi ndiyo iko hapa, na watoto. Ukienda, usimwambie ni mimi niliomba. Atanipa talaka. Apa kwamba hutamwambia."

Driwaru aliapa.

Obitre alikuwa mratibu wa chama tawala katika eneo lile, mwanamume mnene mwenye adabu, na bado alikuwa akisimama Driwaru akiingia, kama walivyosimama darasani. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwagizia chai. Kisha akasema kwamba mambo kama hayo huwa mepesi kwa mtu aliye ndani kuliko aliye nje, kwamba mkutano wa Koboko ungefanyika tarehe ishirini na tatu, na kwamba chama kingejivunia kumpata mtu wa heshima yake.

Ndivyo alivyohama. Usiku na mchana alijiambia kwamba alikwenda kwa ajili ya Hamdani, na haukuwa uongo. Lakini nyuma ya Hamdani zilisimama sababu nyingine ambazo Driwaru hakugeuka kuzitazama usoni. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Alikuwa amechoka kuzungumza katika chumba ambamo watu walianza kufunga mafaili yao kila alipoinuka. Alitaka, mara moja tu kabla ya kufa, kuomba kalavati la kupitisha maji ya mto na kupewa kalavati.

Siku tisa baada ya Koboko, Hamdani alirudi.

Driwaru alikwenda kumwona kesho yake akiwa na sukari na mchele. Njiani wanawake wa vibandani waliitikia salamu yake wakitazama mizani. Hamdani alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba yake, cherehani mbele yake, amekonda mpaka kola ya shati ilizunguka shingo bila kuigusa. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa na la kulia lilisikia nusu, na kwa kuwa hakujua tena sauti yake inafika wapi, alisema kila kitu kwa kupaza.

"MWALIMU! SUKARI HII NI YA NANI? YAKO AU YAO?"

Bodaboda mmoja alizima pikipiki.

"Nimekuja kukupa pole, Hamdani."

"SISIKII! NIMESIKIA KULE NDANI TU. ASKARI ALINILETEA GAZETI, AKANIONYESHA PICHA YAKO NA FULANA. WALINIPIGA MIEZI MITATU, MWALIMU, SIKULIA. SIKU ILE NILILIA."

Asiya alikuwa mlangoni na beseni mikononi. Macho yao yalikutana. Asiya aliyateremsha yake kutoka machoni pa mwenzake polepole mpaka kwenye maji ya beseni, na akabaki akiyatazama kama mtu anayetafuta sindano ndani yake. Driwaru aliuweka mfuko chini, akaaga, akaondoka. Nyuma yake alisikia sukari ikimwagwa barabarani. Hakumlaumu Asiya. Aliyeapa alikuwa yeye mwenyewe.

Mwezi wa nane pendekezo la kubomoa vibanda lilirudi barazani. Sasa Driwaru alikaa upande wa madirisha, penye upepo, na karatasi ya ajenda ililetwa mezani pake badala ya yeye kwenda kuiomba. Spika aliuliza wanaokubali. Driwaru alikuwa ameamua tangu asubuhi kwamba angebaki ameshusha mikono, tena alikuwa ameiweka chini ya mapaja yake. Kisha jirani yake akainua, na wa mbele akainua, na Obitre, aliyekaa na wageni nyuma, akakohoa kidogo, pengine kwa sababu ya vumbi. Driwaru aliuona mkono wake ukiwa juu. Hakuna aliyemshika. Hamdani alikuwa nyumbani kwake tangu mwezi wa sita, na hakukuwa na mfungwa yeyote wa kumsingizia.

Tingatinga lilikuja Jumatatu asubuhi. Meza ya Asiya ilikuwa ya tatu kutoka darajani.

Wiki mbili baadaye, wakirudi kutoka kikao cha Koboko kwa gari la chama, Driwaru alimwambia Obitre kwamba walau jambo moja jema lilitoka katika yote haya, Hamdani alitoka.

Obitre aligeuka kutoka kiti cha mbele. Alionekana kushangaa kwa dhati.

"Mwalimu, yule? Karatasi zake zilikuwa zimeshatiwa saini tarehe tano ya mwezi wa tano. Mahali pale palijaa, wakawatoa thelathini na mmoja kwa mkupuo. Ilibaki usafiri tu."

"Mimi nilikuja kwako tarehe kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimeiona orodha." Alisita, na kwa mara ya kwanza Driwaru akamwona tena mvulana wa dawati la nyuma. "Lakini sikukuahidi kitu, Mwalimu. Kumbuka vizuri. Sikukuahidi."

Driwaru alikumbuka vizuri. Aliyapitia maneno ya Obitre ya siku ile moja moja, kama anayesahihisha daftari akiwa na kalamu nyekundu mkononi, na hakupata mahali pa kuweka alama ya kosa. Yote yalikuwa safi. Barabara ilipita Maracha, ikapita mashamba ya tumbaku na watoto waliopunga mkono, na yeye alikaa akitazama kisogo cha dereva mpaka Arua.

Ijumaa iliyofuata Asiya alibisha hodi. Hakuwa amekuja tangu mumewe arudi. Safari hii alikaa kitini.

"Nimekuja kusema kitu," alianza. "Wanasema wewe umekula pesa yao. Kila siku wanasema, na Hamdani anasema zaidi, na mimi ninapika, ninanyamaza. Meza yangu wamevunja, sawa, nilikasirika. Lakini usiku ninamsikia bwana yangu akikoroma, na ninasema, huyu Mwalimu ndiye aliniletea. Sasa nimechoka kunyamaza. Leo nitamwambia. Ni mimi nilikutuma, na wewe ulijitoa. Akitaka kunipa talaka, anipe. Oli yote itajua wewe ni mtu gani."

Driwaru aliiona njia ya kurudishiwa heshima yake. Lilikuwa jambo jepesi. Hakutakiwa hata kufungua mdomo. Angekaa tu, Asiya angekwenda, na kufikia jioni wanawake wangeitikia salamu zake wakimtazama usoni. Mkono ule wa barazani nao ungesamehewa; watu husamehe mengi kwa mtu aliyejitoa.

Asiya alianza kuinuka.

"Kaa kidogo," Driwaru alisema.

Alimwambia. Alitaja tarehe tano, na tarehe kumi na mbili, na orodha, na watu thelathini na mmoja. Hakulia, na hakumtaja Obitre kwa ubaya. Aliongeza na habari ya mkono, kwa kuwa Asiya alikuwa akidhani alilazimishwa. "Hakuna aliyenilazimisha," alisema. "Niliinua."

Nje mtu alikuwa akikwangua sufuria.

"Kwa hiyo angerudi tu."

"Angerudi."

"Wewe umejua lini?"

"Tangu juzi."

"Na ungeweza kuniacha niende." Asiya alisema hivyo bila kuuliza. Alijifunga upya kanga yake, akaifunga kwa nguvu. Uso wake haukuwa na hasira wala shukrani; ulikuwa uso wa mtu aliyetembea mbali na kuambiwa siyo hapa. "Sasa mimi nimwambie nini?"

Driwaru alichukua viatu vyake. "Nitakusindikiza."

Walitoka Mvara kwa miguu. Mgeni husindikizwa mpaka kona, au mpaka barabara kuu akiwa wa heshima, kisha mwenyeji hugeuka. Barabarani Asiya alisimama. "Hapa inatosha, Mwalimu." Driwaru aliitikia kwa kichwa, na akaendelea kutembea. Asiya alimtazama mgongo, kisha akamfuata, na wakateremka pamoja mpaka Oli, wakapita pale palipokuwa na vibanda. Ardhi ilikuwa imesawazishwa vizuri. Hakuna kilichojengwa bado. Mwanamke mmoja alikuwa amerudi akatandika gunia na mafungu matano ya dagaa, na alipomwona Driwaru alianza kuyakusanya haraka haraka, akidhani ametumwa.

"Usiyaondoe," Driwaru alisema. Mwanamke aliendelea kukusanya.

Hamdani alikuwa kwenye baraza ya nyumba, kichwa kimeinamia cherehani. Asiya alisimama kando ya mlango. Watoto wa jirani waliacha mchezo wao. Driwaru alijua kwamba akisema kwa sauti ya kawaida Hamdani hatasikia, na akisema kwa sauti ya Hamdani kusikia, kila mtu mpaka darajani atasikia pia. Siri ya mke wa mtu, aliyoapa kuitunza, ilikuwa ndani ya habari ile, na haikuwa yake kuitoa bila ruhusa. Alimtazama Asiya.

Asiya alikawia. Kisha akaitikia kwa kichwa, mara moja.

Hamdani aliona vivuli viwili juu ya kitambaa. Mguu wake uliacha kukanyaga, gurudumu likazunguka peke yake kidogo, likasimama. Aliinua uso.

"UNATAKA NINI?"

"Kusema," Driwaru alisema, akaona haikufika, akavuta pumzi. "KUSEMA, HAMDANI."

Hamdani alimtazama yeye, akamtazama mkewe, akarudi kwake. Hakumwonyesha kiti. Aligeuza kichwa taratibu mpaka sikio lake la kulia likamwelekea.

"SEMA."

Driwaru, aliyekuwa bado amesimama juani, akaanza kusimulia, tangu siku ile ya mwezi wa pili alipochukuliwa Hamdani.